Nebraska: turudi enzi za Osborne au tuanze upya? Ulinganisho kwa shabiki aliyekwama katikati

Ukihamia Lincoln, Nebraska, mwezi hauishi kabla hujaulizwa uko upande gani. Kiwandani ninakofanya kazi, swali hilo ndilo linaloigawa meza ya chakula. Huku amekaa mzee mmoja mwenye kofia nyekundu iliyopauka, ambaye kila Jumatatu baada ya kipigo ana neno moja tu: turudi kukimbia na mpira kama enzi za kocha Tom Osborne. Kule wamekaa vijana wanaomjibu kwamba huyo Tom alistaafu wao hawajazaliwa. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo, wenye mpira wetu wa miguu, tunakaa katikati, tunatafuna na kusikiliza. Andiko hili ni la sisi wa katikati, na la yeyote anayeipenda timu hii asijue ajiunge na kambi ipi.

Kwa ambaye hajui chanzo cha ugomvi: timu ni ya Chuo Kikuu cha Nebraska, inaitwa Huskers, na mchezo ni ule wa Kimarekani wa kushika mpira mikononi na kugongana. Jimbo zima lina watu wapatao milioni 2 na halina timu kubwa ya kulipwa hata moja, hivyo mapenzi yote yamemiminikia kwa wanafunzi hawa. Tangu Novemba 1962 tiketi za Memorial Stadium huisha kila mechi, na mfululizo huo umeshapita mechi 400. Siku ya mechi uwanja unabeba watu zaidi ya 80,000, wengi kuliko mji wowote wa jimbo ukiondoa Omaha na Lincoln yenyewe.

Zamani walikuwa na sababu ya kujaa. Kocha Bob Devaney alileta ubingwa wa taifa 1970 na 1971. Msaidizi wake, Tom Osborne, akaishika timu kuanzia 1973 hadi 1997: alishinda mechi 255, akapoteza 49, akatoka sare 3. Alibeba ubingwa 1994, 1995 na 1997, huu wa mwisho wakigawana na Michigan. Katika misimu 25 hakuna hata mmoja alioshinda chini ya mechi 9. Baada ya hapo ukaja mteremko. Ubingwa wa mwisho wa ligi yao ni wa 1999, na kuanzia 2017 hadi 2023 kila msimu waliomaliza walikuwa na vipigo vingi kuliko ushindi.

Tutapima nini

Watu wakibishana mila na mabadiliko huwa wanachanganya mambo matano au sita ndani ya neno moja. Ndiyo maana hawaelewani. Mimi nimeyatenganisha: nani akae kwenye benchi la ufundi, timu icheze vipi, wachezaji watoke wapi, fedha, na muda wa kusubiri. Mwisho kuna kile kinachobaki Jumamosi hata ukifungwa, ambacho hakiingii kwenye takwimu.

Nitaweka pande mbili, kambi ya mila na kambi ya mabadiliko. Pale njia ya kati inapokuwa na maana nitaitaja. Pale isipokuwepo sitajifanya kwamba ipo.

Kocha: mtoto wa nyumbani au mgeni?

Kambi ya mila inasema nyumba apewe anayeijua. Wana ushahidi mzuri. Osborne alizaliwa Hastings, hapahapa Nebraska. Aliyemfuata, Frank Solich, aliichezea Nebraska chini ya Devaney, na alipokuwa kocha alishinda mechi 58 na kupoteza 19.

Wana pia ushahidi mchungu, na jina lake ni Scott Frost. Kama ungeambiwa uchore kocha wa kuirudisha Nebraska ya zamani, ungemchora yeye: mtoto wa jimbo, aliyeongoza mashambulizi ya timu ya ubingwa ya 1997, na aliyekuja 2018 akitokea chuo cha UCF (Central Florida) ambako alikuwa amemaliza msimu bila kufungwa, mechi 13 kwa 13. Jimbo lilishangilia kama harusi. Akashinda 16 na kupoteza 31. Msimu wa 2021 alipoteza mechi 9, zote kwa tofauti ya pointi chini ya kumi, jambo ambalo mashabiki hapa bado wanalisimulia kama ndoto mbaya. Septemba 2022, siku moja baada ya kufungwa nyumbani na Georgia Southern 45-42, alifungashiwa virago.

Sasa upande wa pili. Mwishoni mwa 2003 mkurugenzi wa michezo, Steve Pederson, alimfukuza Solich akiwa ameshinda mechi 9 na kupoteza 3, kwa hoja kwamba Nebraska haipaswi kuridhika na hapo. Akamleta Bill Callahan kutoka timu ya kulipwa ya Oakland Raiders. Msimu wa kwanza wakashinda 5 na kupoteza 6. Ulikuwa msimu wa kwanza wa vipigo kuzidi ushindi tangu 1961, na mfululizo wa miaka 35 wa kualikwa kwenye mechi za kufungia msimu ukakatika. Mwaka 2007 Kansas iliwatandika 76-39, na msimu ulipoisha Callahan akafukuzwa. Baadaye historia ikajirudia: Bo Pelini alishinda mechi 9 au 10 kila msimu kwa misimu saba, akaondolewa 2014, akaja Mike Riley kutoka Oregon State. Riley akaondoka na ushindi 19 na vipigo 19.

Ukitazama hayo yote, kigezo hiki hakimpi yeyote ushindi. Mimi naona makosa makubwa ya Nebraska hayakuwa kuchagua mgeni wala mwenyeji. Yalikuwa kumfukuza mtu wa mechi tisa bila kuwa na aliye bora mkononi. Kambi ya mila inapenda kutaja 2003 kama dhambi ya mabadiliko, lakini Pelini naye hakuwa mtu wa nyumbani kwa kuzaliwa, na alipofukuzwa wengi wao walipiga makofi, kwa sababu alikuwa na ulimi mkali na alikuwa akifungwa vibaya kwenye mechi kubwa. Wisconsin walimpiga 70-31 kwenye fainali ya ligi ya 2012.

Halafu kuna jambo ambalo huwa namkumbusha yule mzee wa kofia, naye hujifanya hasikii. Devaney mwenyewe alikuwa mgeni. Alizaliwa Michigan, akaletwa 1962 kutoka Wyoming, akarithi timu ambayo kwa miaka mitano iliyotangulia ilikuwa imeshinda 15 tu na kupoteza 34. Akashinda 9 msimu wake wa kwanza. Hii tunayoiita mila leo, siku ilipoanza iliitwa kocha mpya.

Uchezaji: kukimbia au kurusha?

Hapa ndipo kambi ya mila hupata sauti. Enzi za Osborne timu ilicheza mtindo unaoitwa opsheni. Kwotabeki, yule anayepokea mpira kwanza, anakimbia kuelekea pembeni na kuamua papo hapo: abaki nao, ampe anayepita katikati, au amtupie mwenzake aliye kando. Adui akimkaba huyu, yule yuko huru. Ukiwa na mstari wa mbele wa vijana wakubwa wenye nguvu, waliojengwa kwa miaka minne kwenye chumba cha vyuma, huo ni mkandarasi anayebomoa ukuta. Timu ya 1995 ilikimbia wastani wa yadi takriban 400 kwa mechi, ikaifunga Florida 62-24 kwenye mechi ya ubingwa.

Je, bado unafaa? Timu za jeshi la Marekani bado zinacheza namna hiyo, na Army mwaka 2024 ilishinda mechi 12 na kutwaa ubingwa wa ligi yake. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mtindo umekufa. Ila Army wana vijana waliojiandaa kuwa maafisa, hawana ndoto ya kusajiliwa na timu za kulipwa. Nebraska wakirudi kwenye opsheni kamili, kijana anayerusha mpira vizuri na kijana anayeudaka vizuri watakwenda kwingine, kwa sababu mishahara mikubwa ya huko mbele inalipwa kwa kurusha na kudaka.

Kambi ya mabadiliko inataka mchezo wa kurusha na wa kasi. Unavutia vijana, na ukiwa nyuma kwa pointi 14 unaweza kurudi. Ubaya wake ni Novemba. Asiyewahi kusimama Lincoln mwezi huo hajui upepo wa nyanda hizi. Mpira ukirushwa juu unaweza kwenda usikotumwa. Na Callahan alishatuonyesha kwamba timu inaweza kujifunza kurusha huku ulinzi ukioza.

Njia ya kati hapa ni ya kweli, na cha kuchekesha ni kwamba ndiyo aliyoipita Osborne. Hakuanza na opsheni. Miaka yake ya mwanzo alirusha zaidi, akageukia opsheni baada ya kuteswa na Oklahoma. Alipokuwa akipoteza mechi saba mfululizo za kufungia msimu, nyingi kwa Miami na Florida State, alibadilisha mfumo wa ulinzi na kuanza kutafuta vijana wenye kasi badala ya miili mikubwa tu. Mara zote tatu alizobeba ubingwa zilikuja baada ya hapo.

Wachezaji: vijana wa shambani au usajili?

Hiki ndicho kigezo ambacho dunia imebadilika zaidi, na ndicho kinachomwumiza zaidi mtu wa mila.

Nebraska ilijenga ukubwa wake kwa vijana waliokuja bila ufadhili. Kijana wa mji mdogo wa wakulima, ambaye chuo hakijampa senti, analipa karo mwenyewe, anapigwa mazoezini miaka mitatu kama gunia, na wa nne anavaa jezi mbele ya kijiji chake chote. Baadhi yao waliishia kuwa nguzo za timu. Kila mji mdogo jimboni ulikuwa na mtu wake mle ndani, na nusu ya mapenzi ya watu hawa ilijengwa na hilo.

Sasa sikiliza hesabu. Kwa makubaliano ya kesi yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, timu za vyuo vilivyoyakubali zimewekewa kikomo cha wachezaji 105. Nebraska ilizoea kubeba wengi zaidi ya hapo. Nafasi za kijana wa shambani zimepungua hata kama kocha anampenda kama mwanawe. Anayepiga kelele turudishe utaratibu wa zamani kama ulivyokuwa anadai kitu ambacho kanuni hazikiruhusu tena. Kinachowezekana ni kulinda nafasi chache kwa vijana wa jimbo, na hilo linategemea kocha aliyepo.

Kambi ya mabadiliko inasema: sajili. Tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo na kucheza mara moja bila kukaa nje msimu mzima, kwa hiyo kila mwaka kuna dirisha kama la klabu zetu. Mfano wao ni Indiana, timu iliyokuwa inadharauliwa ligi nzima. Mwaka 2023 ilishinda mechi 3. Ikamwajiri Curt Cignetti, akaja na kundi la wachezaji kutoka chuo alikotoka, James Madison, na mwaka 2024 ikashinda 11. Miongoni mwa waliochapwa ni Nebraska, 56-7. Msimu uliofuata Indiana ikatwaa ubingwa wa Big Ten, ligi ileile ambayo Nebraska imekuwemo tangu 2011 bila kuibeba hata mara moja.

Hoja hiyo ni nzito. Udhaifu wake ni kwamba dirisha linafunguka pande zote mbili, aliyekuja kwa fedha anaweza kuondoka kwa fedha. Mwaka 2025 kocha wa Nebraska, Matt Rhule, alifuta mechi ya mazoezi ya kila machipuko, ile ambayo familia zilikuwa zikijaa makumi ya maelfu kuitazama, akieleza kwamba kuwaonyesha vijana wake kwenye televisheni ni kuwaalika wengine waje kuwanyakua. Wazee walinung'unika. Mimi nilimwelewa, ingawa nilikuwa nimeshawaahidi watoto.

Fedha

Hapa nitapita haraka kwa sababu hakuna ubishi mkubwa. Kuanzia Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kwa mwaka wa kwanza hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kizima. Nebraska inazo fedha hizo, na inazo kwa sababu ya mila: viti vinavyojaa miaka zaidi ya sitini ndivyo vinavyolipa. Kambi ya mabadiliko inasahau hilo. Kambi ya mila nayo inasahau kwamba kufukuza makocha ni gharama. Frost aliondolewa wiki tatu tu kabla ya tarehe ambayo malipo ya kuvunja mkataba wake yangeshuka kutoka dola milioni 15 hadi nusu yake. Mkataba wa awali wa Rhule ulikuwa wa miaka minane na dola milioni 74.

Subira

Anayechagua mila ajue anachagua kusubiri. Osborne alifungwa na Oklahoma miaka mitano ya kwanza mfululizo, na ubingwa wake wa kwanza ulikuja msimu wa 22. Devaney mwaka 1967 na 1968 alishinda 6 na kupoteza 4, watu wakataka afukuzwe. Chuo kikakataa. Miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa taifa. Leo sijui ni chuo gani kingevumilia hivyo.

Mabadiliko ya mtindo wa Indiana yanatoa jibu ndani ya msimu mmoja au miwili, liwe zuri au baya. Rhule yuko katikati. Kwenye chuo cha Temple alianza kwa kushinda 2 na kupoteza 10, kwenye chuo cha Baylor akaanza kwa 1 na 11, na msimu wake wa tatu Baylor akashinda 11. Nebraska alianza 2023 na 5-7, akapanda 2024 hadi 7-6 na kushinda mechi ya kufungia msimu dhidi ya Boston College, 20-15. Ilikuwa mara ya kwanza kualikwa tangu 2016. Kwa anayeamini ujenzi wa polepole, hizo ni dalili. Kwa aliyemwona Cignetti, ni konokono.

Kinachobaki Jumamosi

Kwa miaka mingi, Nebraska ikifunga pointi za kwanza, maelfu ya maputo mekundu yaliachiwa angani. Mwaka 2022 chuo kikasitisha kwa sababu ya uhaba wa gesi ya heliamu. Niliwasikia watu wakisema ndiyo mwisho wa Nebraska. Tiketi ziliendelea kuisha. Nadhani hapo kambi ya mila ilijifunza kitu, japo haitakiri: baadhi ya wanavyovililia ni mapambo.

Lakini si vyote. Agosti 2023 uwanja huohuo ulijazwa na watu 92,003 kutazama voliboli ya wanawake. Watu wa namna hiyo hawanunuliwi kwenye dirisha la usajili, na kocha yeyote atakayewafanya wajione wateja atakuwa amevunja kitu ambacho hakuna mrithi atakayekijenga.

Wewe ukae upande gani?

Kama umeshika tiketi za msimu tangu wazazi wako, na unachotafuta ni kumwona kijana wa Hastings au Grand Island akivaa jezi, kaa na mila, ila elekeza kelele zako kwenye nafasi za vijana wa jimbo. Opsheni iache. Nafasi zinaweza kupiganiwa. Mtindo wa 1995 unahitaji wachezaji ambao hawatakuja.

Kama unataka kombe ndani ya miaka michache na huna shida na sura mpya kila mwaka, wewe ni wa mabadiliko, na usione aibu. Kubali tu kwamba jina lililo mgongoni mwa jezi uliyomnunulia mwanao linaweza kuwa limehamia chuo cha Oregon mwakani.

Kama una mtoto anayecheza sekondari hapa jimboni, swali lako ni jingine kabisa. Muulize kocha anabeba vijana wangapi wasio na ufadhili chini ya kikomo cha 105, na wangapi kati yao walicheza mwaka jana. Jibu la hapo lina faida kwako kuliko hotuba yoyote ya mila.

Kama umechoshwa na kufukuza na kuajiri, chagua njia ya kati: kocha aliyepo apewe miaka yake, asajili anakopungukiwa, akimbize mpira Novemba. Utaonekana huna msimamo mezani. Utakuwa pia mtu pekee asiyelazimika kueleza Frost alikwama wapi wala Callahan alikwama wapi.

Na kama ndio kwanza umefika na umealikwa mechi yako ya kwanza, usichague kitu. Vaa nyekundu, beba koti hata kama asubuhi kuna jua, kaa karibu na mzee kama yule wetu na umuulize ilikuwaje mwaka 1995. Atakusimulia hadi robo ya tatu. Robo ya nne geukia vijana walio nyuma yako, uwaulize wangemsajili nani.